Tezi za Mafuta kwenye Umio wa Kaka Yangu

Umio wa mtu aliye hai haufanani na ule uliochorwa kwenye kitabu changu cha bayolojia. Kitabuni ulikuwa mistari miwili iliyonyooka kutoka kooni hadi tumboni, na mwalimu alipouliza kazi yake tuliandika "kupitisha chakula", tukapata alama zetu, tukaendelea na ini. Nilipouona kwa macho yangu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ulikuwa umelowa, una rangi ya waridi iliyopauka kama ndani ya shavu, na ulikuwa ukijifunga na kujifungua taratibu ingawa hakukuwa na chakula chochote kinachopita. Nilitazama mpaka jicho likatoa machozi.

Nilikuwa mfanyakazi wa usafi katika hospitali moja ya Nairobi, na miaka ile nilipangiwa chumba cha kipimo cha kumeza mpira. Mpira wenyewe ni mweusi, mwembamba kama kidole, mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, una taa mbele na kijicho cha kutazamia nyuma. Mgonjwa hulala kwa ubavu, akaumeza, na daktari akatazama. Kazi yangu ilikuwa kuuosha, kuuloweka kwenye dawa iliyochoma macho, kuukausha na kuutundika. Lakini palikuwa na kijicho cha pili, cha kuchomekwa ubavuni kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari, na siku ambazo wanafunzi hawakuja daktari aliniita. "Njoo uone," alikuwa akisema. Mimi nilivua glavu nikaenda kuona. Sikukataa hata siku moja.

Nilikuwa nakaa Gatwekera, kule Kibera, wakati huo, na nikirudi jioni majirani walikuwa wakiningoja kwa utani.

"Niaje, Dokta wa ndoo! Leo umeona matumbo ya nani?"

"Yako," nilikuwa nikiwajibu. "Yamejaa chang'aa."

Wakacheka. Lakini watu haohao waliokuwa wakicheka walikuja baadaye mmoja mmoja, na mtoto mwenye kikohozi au karatasi ya kliniki waliyoshindwa kuisoma, na hapo neno la ndoo lilianguka nikabaki Dokta peke yake. Nililipenda jina hilo. Naliandika hapa waziwazi kwa sababu bila kulijua hutaelewa jinsi mtu mwenye akili zake alivyoweza kufanya niliyoyafanya.

Aliyenisomesha hadi kidato cha nne ni kaka yangu mkubwa. Yeye mwenyewe aliacha shule mapema akashika randa na msumeno, akaja Nairobi, akapata sehemu ya kufanyia kazi Kawangware, kando ya barabara, chini ya mabati manne. Alikuwa akitengeneza vitanda na stuli, na kabati akipata mteja mwenye subira. Alikuwa na mke na watoto watatu kwenye chumba kimoja nyuma ya benchi lake. Mimi aliniita Msomi, hata mbele ya wateja, na hakuwa akinitania.

Alikuwa na tabia moja ambayo kila mtu wa kwetu aliijua. Alikunywa chai ikitoka motoni. Shemeji yangu alikuwa akimwekea kikombe kando ipoe, yeye anakifuata. "Chai ikipoa ni maji ya kunawa," alikuwa akisema, na anaimeza huku macho yakimtoka. Basi ilipofika mwaka ule akaanza kulalamika kiungulia, hakuna aliyeshangaa. Alikuwa akibonyeza kifua kwa ngumi, akitafuna vidonge vyeupe vya asidi kama mtu anayetafuna njugu, na akasema ugali unapita ukikwaruza. Alipungua mwili kidogo. Nilimwambia aje hospitali, nitamtafutia nafasi kwenye foleni.

Kwetu, upande wa ziwa, saratani ya umio ilikuwa inajulikana. Mtu anaanza na ugali, halafu uji, halafu maji yenyewe yanakataa. Pale chumbani nilikuwa nimeiona mara nyingi kwa kile kijicho cha pili: nyama iliyofura, imekunjamana, inavuja damu ikiguswa. Nilikuwa nimejifunza jambo lingine pia, ambalo halikuwa kwenye kitabu. Daktari wetu alizoea kuzungumza akifanya kazi. "Hapa pasafi. Hapa pana kidonda kidogo. Tumbo zuri." Akikuta ile nyama, alinyamaza. Kwa hiyo mimi niliyejiita mjuzi nilikuwa nasoma kimya cha daktari kabla hata ya kutazama.

Siku ya kaka yangu nilimshika bega alipokuwa amelala kwa ubavu na kile kiplastiki cha kulinda meno mdomoni. Mate yalikuwa yakimtiririka, naye alikuwa amenikazia macho. Daktari alishuka na mpira huku akizungumza kama kawaida. Halafu akanyamaza. Akarudisha mpira nyuma kidogo. Akausogeza mbele tena. Akanyunyiza maji kusafisha, akatazama, akaendelea kunyamaza. Akamwambia nesi amwite mwenzake kutoka chumba cha pili, naye akaja, akatazama, na yeye pia akanyamaza.

Sikungoja kuitwa. Yule mwenzake alipoondoka niliweka jicho.

Palikuwa na vidoti. Vilikuwa vya manjano, vidogo kama punje za uwele, vimeinuka kidogo sana, vingine peke yake na vingine vimejikusanya vitatu vinne. Ilikuwa kama mtu amepulizia ule unga wa mahindi ya manjano, wa msaada wa mwaka wa njaa, kwenye ukuta uliolowa. Sikuwahi kuona kitu kama hicho, na katika miaka yangu ya kuosha mipira ile nilidhani nimeshaona kila kitu. Daktari aliingiza kile kikoleo chembamba, akanyofoa vipande viwili vidogo kuliko kichwa cha kiberiti, akavitia kwenye chupa yenye dawa.

Akamwambia kaka yangu, alipokwisha kukohoa na kujipangusa, "Asidi inapanda kutoka tumboni, nitakupa dawa. Na kuna kitu kidogo nimekichukua kipimwe. Rudi baada ya wiki tatu."

Chupa niliipeleka maabara mimi mwenyewe. Niliporudi nilimvizia daktari kwenye baraza.

"Daktari, ni ile?"

"Ile gani?"

"Ile ya kwetu."

Alivua miwani akaipangusa. "Sijui ni nini. Sijawahi kuona. Tungoje."

Leo nayasikia maneno yale jinsi yalivyosemwa. Mtu alikuwa ananiambia ukweli mtupu kwamba hajui, na pengine alikuwa na furaha kidogo ndani yake, furaha ya aliyekutana na kitu kipya asubuhi ya kawaida. Sikujua kwamba daktari ana kimya cha pili. Mimi nilisikia mtu anayeficha. Nilijiambia kwamba mgonjwa wa kawaida angedanganyika, lakini mimi ni mtu wa hospitali.

Jumamosi hiyo nilifuata reli hadi Laini Saba, kwa mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa nyumbani. Alikuwa fundi wa viatu, mzee mwenye sauti nzito, na ndiye aliyewasafirisha wagonjwa wetu na maiti zetu zote kwa miaka mingi. Alikuwa na kanuni moja: mgonjwa asafirishwe akiwa bado anaweza kujishikilia kwenye kiti cha basi. Akishindwa kujishikilia, mambo yanakuwa magumu, na akifa mjini yanakuwa magumu zaidi. Nilimweleza nilichokiona. Hakuuliza habari za maabara.

"Ana nyumba nyumbani?" aliniuliza.

"Hana."

Aliweka kiatu chini. "Sasa tunangoja nini?"

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Mwanamume kwetu hawezi kulala mauti kwenye nyumba ya baba yake. Lazima awe na nyumba yake ndani ya boma, na akifa hana, watu hujenga kibanda haraka wakati waombolezaji wamekaa nje, na aibu hiyo haisahauliki. Kaka yangu kila Krismasi alisema atajenga mwakani. Na kuna jambo la pili, ambalo ndilo langu. Mdogo hawezi kujenga kabla ya mkubwa. Mimi nilikuwa na mabati mapya ishirini na manne, yamelala chini ya kitanda changu Gatwekera kwa karibu miaka miwili, yamefungwa kwa gunia. Nilikuwa nimeshachora ramani ya nyumba yangu kwenye daftari, na dirisha linalotazama mashariki. Nilichokuwa nangoja ni kaka yangu ajenge.

Hapo kwenye duka la viatu nilisema, "Nitatoa mabati yangu."

Mwenyekiti alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wewe ni ndugu kweli," akasema. Nami nikajisikia ndugu kweli.

Kesho yake, baada ya kanisa, tulikwenda Kawangware pamoja. Kaka yangu alikuwa ameshavua shati la kanisani anapiga randa mbao ya kitanda, ingawa ilikuwa Jumapili. Shemeji alikuwa kwenye kizingiti anachambua mboga.

"Tumefikiri ujenge," mwenyekiti alimwambia.

"Nijenge wapi?"

"Nyumbani."

"Mwaka ujao nitajenga, mzee wangu. Unanijua."

"Mwezi huu."

Randa ilisimama. Kaka yangu hakumtazama mwenyekiti. Alinitazama mimi.

"Msomi, umeona nini?"

Ningeweza kusema nimeona vidoti vya manjano ambavyo hata daktari havijui. Huo ndio uliokuwa ukweli wote. Nilisema, "Niliona, kaka." Kisha nikatazama chini, kama nilivyoona madaktari wakifanya.

Shemeji aliacha mboga. "Lakini daktari alisema wiki tatu. Hata wiki moja haijaisha."

"Shemeji, mimi nafanya kazi pale."

"Wewe unaosha mpira."

"Mwache," kaka yangu alimwambia. "Huyu amesoma. Nilimsomesha ili ajue." Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia bei ya kitu, "Ikifika mwisho inauma?"

Nilimwambia kuna dawa za maumivu.

Ndani ya siku kumi kila kitu kilikwisha. Watoto walitolewa shuleni katikati ya muhula. Chumba kilirudishwa kwa mwenyewe. Ile sehemu chini ya mabati manne, pamoja na benchi, alikabidhiwa fundi mmoja wa kutoka Kitui ambaye alikuwa akifanya kazi kwenye jua kwa muda mrefu akingoja nafasi kama hiyo. Vijana wa chama walitangulia nyumbani na mabati yangu, na kaka yangu na jamaa yake wakafuata kwa basi la asubuhi. Alikuwa amejishikilia vizuri kabisa kwenye kiti. Alinipungia mkono kupitia dirishani, nami nikaona anafanana na mtu mzima wa afya, nikajiambia kwamba huo ugonjwa ndivyo ulivyo mwanzoni.

Siku ya nne baada ya hapo, daktari wa maabara alinisimamisha mlangoni kwake. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na hakuwa na mazoea ya kuzungumza na watu wa usafi.

"Si wewe uliyeleta chupa ya yule wa umio? Hebu ingia uone maajabu."

Alinikalisha mbele ya hadubini. Kwanza niliona kope zangu mwenyewe. Halafu akanielekeza nikaona mashada meupe, ya duara, yaliyojaa kitu kama povu la sabuni, yamekaa chini ya ngozi laini ya umio kama mayai kwenye kiota.

"Unajua hizo ni nini?"

"Saratani," nilisema.

"Saratani gani! Hizo ni tezi za mafuta. Zile za ngozi. Zilizo puani kwako zinazokufanya ung'ae wakati wa joto."

Nilitoa jicho nikamtazama, nikarudisha jicho. "Zinafanya nini huko?"

"Hakuna. Zimekaa tu."

"Zimefikaje?"

"Hatujui." Alisema neno hilo kwa raha, kama mtu anayeonja kitu kitamu. "Wengine wanasema mtu huzaliwa nazo. Wengine wanasema umio ukiunguzwaunguzwa kwa miaka, kuna sehemu inaamua kujifanya ngozi. Mimi ni mara yangu ya kwanza kuziona mahali hapo. Kwenye mdomo ni kawaida. Njoo."

Alinipeleka kwenye kioo kidogo kilichokuwa juu ya sinki akaniambia nivute mdomo wa juu. Nikavuta. Ndani, karibu na ukingo, palikuwa na vidoti vya manjano vidogo kama punje za uwele. Nilikuwa nimenyoa ndevu mbele ya kioo kwa zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kuviona.

"Ndizo hizohizo," alisema. "Wewe unazo mdomoni, yeye anazo chini zaidi. Hazidhuru, hazigeuki kitu, hazihitaji dawa."

Nilimuuliza kama zinatoa mafuta kweli huko chini, na kama zinatoa, yanakwenda wapi. Nilimuuliza kama zina nywele. Akasema hakuna nywele, na hilo nalo ni ajabu, kwa sababu kwenye ngozi tezi hizo hukaa ubavuni mwa nywele kama mbuzi na kamba yake. Tulizungumza kwa karibu robo saa. Lazima niseme jambo hili kwa sababu ni kweli: katika hiyo robo saa nilimsahau kaka yangu kabisa. Nilikuwa mwanafunzi tena, na kitabu kimefunguka kwenye ukurasa ambao hakuna mtu amewahi kunionyesha.

Ni yeye aliyenirudisha. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Akirudi mwambie aendelee na dawa ya asidi. Na apunguze vitu vya moto. Hayo mengine asahau."

Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi ya jikoni. Kwanza nilicheka, peke yangu, mpaka mpishi akachungulia. Halafu nikafikiria basi la asubuhi.

Ningeweza kupanda gari siku ileile. Sikupanda. Nilikaa siku nane. Nimejaribu kwa miaka mingi kuzipunguza siku hizo akilini mwangu, na haziwezi kupungua. Siku ya kwanza nilisema nitaandika barua. Siku ya pili nikaiandika, nikaona maneno "tezi za mafuta" yanachekesha, nikaichana. Siku ya tatu nilikwenda Laini Saba kumwambia mwenyekiti, nikamkuta anawasimulia wateja jinsi nilivyotoa mabati yangu kwa ajili ya ndugu anayekufa, na wateja wananitazama kwa heshima. Nilinunua gundi ya viatu nisiyoihitaji nikarudi Gatwekera. Siku zilizofuata nilijiambia kwamba nyumba bado inapigwa misumari, ni vizuri imalizike kwanza, maana mtu anahitaji nyumba akiwa mgonjwa au mzima. Hoja hiyo ilinitosha kwa siku tatu. Jirani aliponiuliza, "Dokta, yule brathe wako anaendeleaje?" nilimjibu, "Tunaomba Mungu." Nilisema hivyo nikijua.

Siku ya tisa nilipanda basi.

Nyumba ilikuwa imekwisha. Mabati yangu yaling'aa hadi ukayaona kutoka barabarani. Kaka yangu alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya mlango, amejifunika blanketi mabegani mchana wa jua. Alikuwa amekonda. Katika majuma mawili alikuwa amekonda kuliko miezi yote ya kiungulia. Shemeji aliniambia baadaye kwamba alikuwa anakula vijiko vitatu vya uji na kusema umekataa kupita, na kwamba ulikuwa umekataa kweli, alikuwa akiutapika. Randa yake alikuwa amempa binamu. Misumeno miwili alimpa jirani aliyekuja kumuaga. Watu walikuwa wakija kumuaga kila siku, wanakaa, wanamtazama.

Nilipiga magoti mbele yake, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawafanyi.

"Kaka, si ugonjwa ule."

"Ni upi?"

"Si ugonjwa wowote. Ni tezi. Tezi za mafuta, kama za usoni. Hata mimi ninazo." Nikavuta mdomo wangu wa juu nikamwonyesha, pale uani, mbele ya watu waliokuja kuaga.

Aliinama akatazama kwa muda mrefu. Yeye ni fundi, hutazama kitu mpaka akijue.

"Hivi vya manjano?"

"Hivyo."

"Na vyangu viko kooni."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nitaota ndevu ndani?"

"Hapana. Havina nywele. Nilimuuliza daktari."

Alicheka, kicheko kikavu kilichogeuka kikohozi, na mzee mmoja kati ya waliokuja kuaga akasimama akidhani ndiyo dakika yenyewe. Lakini shemeji hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba mpya na mwiko mkononi.

"Majibu yalitoka lini?"

Nilifikiria kusema jana. Nilisema, "Siku tisa zilizopita."

"Shemeji," alisema, na alilitamka neno hilo kana kwamba analiweka chini, "ulimwangalia mume wangu kwenye tundu la mpira ukamzika. Halafu ulipojua yuko hai ukamwacha kaburini siku tisa." Akaingia ndani. Jioni hiyo kaka yangu alikula ugali na samaki, akaomba chai, na chai ilipokuja aliiweka kando ipoe. Mimi sikupewa chakula na shemeji. Nilipewa na mtoto, kwa sahani ndogo.

Walirudi Kawangware baada ya mwezi mmoja. Chumba chao cha zamani kilikuwa na watu, wakapata kingine mbali na barabara, na mtoto mmoja alirudia darasa. Fundi wa Kitui hakuwa na kosa lolote, alikuwa amepewa nafasi mbele ya mashahidi, na hakuiachia. Alichokubali ni kumpa kaka yangu kazi. Kwa karibu mwaka mzima kaka yangu alikuwa kibarua kwenye benchi alilolitengeneza yeye mwenyewe, akiazima randa ya mwingine na kuirudisha jioni. Nilikuwa natembea kutoka Kibera kila Jumamosi kwenda kumsaidia kushika mbao. Fundi wa Kitui alinizoea, akaanza kuniita Daktari, nikamwomba asiniite hivyo.

Jumamosi moja tulikuwa wawili tu. Kaka yangu alikuwa anapima mguu wa meza, penseli sikioni.

"Mbona hujengi?" aliniuliza bila kuinua kichwa. "Mimi nina nyumba sasa. Njia iko wazi."

"Sina mabati."

"Ulikuwa nayo."

Nilishika ule ubao kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Kulikuwa na mambo mengi ya kusema kuhusu kimya cha daktari na kuhusu saratani ya kwetu, na yote yalikuwa ya kweli.

"Nilikuwa na haraka," nilisema. "Nadhani niliona upesi kwa sababu nilikuwa na haraka."

"Nilijua siku ile ulipotoa mabati," alisema. "Wewe hata msumari hukuwahi kunipa." Alitia alama ya penseli, akaipuliza. "Nilikwenda kwa sababu nilifikiri, huyu ana haraka, lakini amesoma. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli. Siku nyingine ukiniona nakufa, niulize mimi kwanza."

Tukaendelea na meza.

Bado nauliza habari za zile tezi. Nikikutana na kijana anayesomea udaktari namuuliza zimefikaje huko, na jibu bado linanirudia lilelile, kwamba hakuna anayejua kwa hakika. Swali hilo linanipendeza hata leo uzeeni, nalo nimelilipia.

Kaka yangu hakunikataza kuja. Tulikula pamoja, tulicheka pamoja, alimpa mwanangu wa kwanza kitanda. Ila habari za mwili wake zilifungwa kwangu. Dawa ya asidi aliifuata hospitali kwa siku ambazo nilikuwa likizo. Mwaka uliofuata nilimkuta kwenye benchi na shavu limefura upande mmoja, pamba nyekundu imechomoza mdomoni.

"Umefanya nini?"

"Si kitu," alisema, akaisukuma ile pamba ndani kwa ulimi, akageukia mbao.

Shemeji, aliyekuwa amemletea uji, ndiye aliyeniambia kwamba jino lilikuwa limemsumbua wiki mbili, na asubuhi hiyo alikwenda kung'olewa. Nilisimama pale nikishika upande wangu wa ubao. Nilitamani sana kumwambia afungue mdomo nione. Sikumwambia.